Saa mbili na Donna Summer: namna ya kuandaa kipindi cha redio juu ya maisha ya mwimbaji

Kabla hujaanza kutafuta nyimbo, amua msikilizaji wako abaki na nini kichwani ukishazima maikrofoni. Naendesha kipindi cha zilipendwa kila Jumapili, saa nane mchana mpaka saa kumi, katika kituo kidogo hapa Mbeya. Vijana wanaokuja kwetu kujifunza utangazaji huniletea karatasi iliyojaa tarehe: alizaliwa mwaka huu, akaolewa mwaka ule, akatoa albamu, akafariki. Nawaambia hayo ni kama maelezo ya mtuhumiwa kituo cha polisi. Hakuna atakayeacha kusonga ugali ili ayasikilize.

Kwa Donna Summer nilichagua jambo moja tu: kuonyesha kwamba yule malkia wa disko alikuwa mwimbaji wa kanisani, na kwamba ukitega sikio vizuri utalisikia kanisa hata pale mashine zinapovuma. Hapa kwetu hoja hiyo inaingia bila kusukumwa. Mbeya ni mji wa kwaya. Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste, kila mtaa una watu wanaojua sauti ya kwanza ni ipi, ya pili ni ipi, na nani leo ametoka nje ya ufunguo. Wasikilizaji wa namna hiyo huwezi kuwauzia porojo kuhusu sauti, lakini ukiwapa cha kupima watapima na wewe mpaka mwisho.

Hoja ikishapatikana, kila hadithi unayoikuta ipime kwayo. Isiyosaidia iache, hata kama ni tamu. Donna ana hadithi nyingi tamu.

Kwanza jua wanachokijua

Watu wa rika langu walimfahamu Donna kwa kaseti zilizorekodiwa juu ya kaseti nyingine, hazina jina wala picha. Baba yangu mdogo alikuwa mfanyakazi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, akienda Zambia anarudi na santuri chini ya nguo. Albamu ya Donna, Bad Girls, ilifika kwetu Iyunga kwa njia hiyo, na mimi nikaipiga kwenye disko toto za Krismasi na Idi mpaka ikawa inakwaruza. Wenzangu wengi hawakuwahi kuliona jalada. Ndiyo maana hadi leo wanachanganya majina, na utapata simu za kuomba "I Will Survive". Huo ni wa Gloria Gaynor. "Ring My Bell" ni wa Anita Ward. Usimcheke mtu hewani. Mwambie huyo dada naye atapewa Jumapili yake, kisha songa mbele.

Vijana wa bajaji pale Kabwe nao wanamjua, ila hawajui kama wanamjua. Beyoncé ameokota kwake zaidi ya mara moja: "Naughty Girl" ina kipande cha "Love to Love You Baby", na "Summer Renaissance" ya mwaka 2022 imesimama juu ya "I Feel Love". Ukianza na sekunde kumi za Beyoncé, halafu ukamfungulia mwenye mali, kijana hazimi redio.

Muda

Saa mbili ni dakika 120 kwenye saa ya ukutani tu. Toa taarifa ya habari ya saa tisa, toa matangazo ya biashara, toa salamu ambazo huwezi kuzikwepa maana ndizo zinazomlipa fundi mitambo, unabaki na dakika 90 hivi. Theluthi mbili ziwe muziki. Kwa msanii mwingine hizo ni nyimbo kumi na tano au zaidi. Kwa Donna ni kumi, labda kumi na moja, kwa sababu nyimbo zake ni ndefu na karibu kila moja ina matoleo mawili au matatu. "MacArthur Park" ipo fupi, haifiki dakika 4, na ipo nyingine ndani ya mfululizo unaopita dakika 17. Ule aliouimba na Barbra Streisand, "No More Tears", toleo lake refu linazidi dakika 11. Ukipakua jina bila kutazama urefu, saa tisa itakukuta katikati ya vinanda na msoma habari ameshakaa kitini anakutazama.

Kwenye karatasi yako andika urefu wa kila wimbo kwa dakika na sekunde, na pembeni yake andika sekunde za muziki kabla mwimbaji hajaingia. Hizo sekunde ndizo nafasi yako ya kusema. Mwimbaji akifungua kinywa, wewe funga chako.

Fungua kwa pumzi

Wengi wanafungua na "Hot Stuff". Mimi nafungua na "Dim All the Lights" ya mwaka 1979, ambayo ilifika nafasi ya pili Marekani na ambayo Donna aliitunga mwenyewe, maneno na muziki. Inaanza taratibu, sauti iko mbele kabisa, na kabla mdundo haujaingia sawasawa anashika noti moja kwa sekunde 16 bila kuvuta pumzi.

Kabla ya kuupiga, waambie wasikilizaji waishike pamoja naye. Wasimame, wavute pumzi, waanze anapoanza. Wakumbushe kwamba Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo atakayeishiwa njiani ana kisingizio. Halafu nyamaza, acha noti ipite. Utapata meseji nyingi kuliko salamu za mwezi mzima. Nilipofanya hivyo alipiga mwalimu mmoja wa kwaya, mkazi wa Ilomba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu, karibu."

"Huyo dada alifundishwa wapi kupumua?"

"Kanisani, Boston."

"Nilijua tu. Waambie soprano wangu, maana mimi hawanisikii."

Baada ya simu kama hiyo, sasa unaweza kusema alizaliwa lini, na watu watataka kujua. LaDonna Adrian Gaines, tarehe 31 Desemba 1948, mjini Boston, jimbo la Massachusetts. Baba alikuwa muuza nyama buchani, mama mwalimu, watoto saba nyumbani. Akiwa bado mdogo alisimamishwa kanisani kuimba badala ya mwimbaji ambaye hakutokea. Ishia hapo. Usiwarundikie majina ya ndugu zake.

Ujerumani kwa haraka

Sehemu hii ina mambo mengi lakini haina nyimbo zinazofahamika, kwa hiyo naipa dakika tatu tu. Aliacha shule akiwa karibu kumaliza, akaenda New York, akaimba na kundi la roki. Mwaka 1968 akapata nafasi katika mchezo wa muziki uitwao Hair, toleo la Kijerumani, akahamia Munich. Usiseme Munich ukaiacha ikielea. Sema mji wa Bayern, na kila mwanaume kuanzia Mbalizi hadi Uyole atakuwa ameshafika. Akajifunza Kijerumani mpaka akakizungumza kama mwenyeji. Akaolewa na mwigizaji wa Austria, Helmuth Sommer. Ndoa ikavunjika, jina likabaki, herufi moja ikabadilika.

Ili apate hela ya kula alikuwa anaitikia kwenye studio, nyuma ya waimbaji wengine. Huko ndiko alikokutana na watayarishaji wa muziki Giorgio Moroder, Mtaliano, na Pete Bellotte, Mwingereza. Jambo moja la kulitia mkazo ni hili: ile disko ambayo sote tuliidhani imetoka Marekani moja kwa moja, sehemu yake kubwa ilipikwa Ujerumani na wageni watatu.

Majina ya kigeni yafanyie mazoezi kwa sauti kabla ya kuingia studio. Moroder akitajwa vizuri mara ya kwanza, msikilizaji anakuamini kwa mengine yote.

Wimbo usiopigika Jumapili

Hapa ndipo vijana wengi wanapochemsha. "Love to Love You Baby" ya mwaka 1975 ndiyo iliyomtambulisha Marekani, ikafika nafasi ya pili. Huwezi kusimulia maisha yake ukairuka. Lakini ni wimbo wa miguno, na saa nane na nusu ya Jumapili watu wako mezani, watoto wapo, baba mkwe amekaa kwenye kochi la mbele. Kanuni za maudhui za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinakutaka uwakinge watoto. Enzi hizo hata BBC waliukwepa.

Dawa yake ni hii. Toleo refu lina vipande virefu vya muziki mtupu katikati, vinanda na besi tu. Kata kimoja, kirudie mpaka kifike dakika mbili na nusu, kiweke chini ya sauti yako, kisha simulia. Hadithi inatosha. Donna ndiye aliyeleta yale maneno ya kiitikio, Moroder akayajengea muziki. Alirekodi akidhani ni mfano tu wa kumwonyesha mwimbaji mwingine. Aliona haya, taa zikazimwa, akalala sakafuni studio akijifanya yeye ni Marilyn Monroe. Neil Bogart, mwenye kampuni ya Casablanca kule Marekani, aliupiga nyumbani kwake kwenye sherehe na wageni wakawa wanaomba urudiwe tena na tena. Akawaambia watu wa Munich anataka mrefu. Wakamtengenezea wa karibu dakika 17, ukajaza upande mzima wa santuri.

Malizia na kile ambacho wengi hawakisemi: wimbo huo ulimkaba. Watu walimchukulia kuwa ni yule mwanamke wa sakafuni, na sauti yenyewe hawakuisikia, kwa sababu ndani ya wimbo ule ananong'ona. Baadaye alikaa miaka mingi bila kuuimba jukwaani.

Mashine, na namna ya kuieleza kwa mtu mwenye redio ya spika moja

Sehemu hii ipe muda. Ukiipatia, kipindi chote kimekaa.

Mwaka 1977 Moroder na Bellotte walikuwa wanatengeneza albamu ya I Remember Yesterday, ambayo nyimbo zake zinavaa mitindo ya nyakati mbalimbali zilizopita. Wa mwisho walitaka uwe wa wakati ujao. Wakaamua wasitumie bendi. Wakachukua sintesaiza, mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, ile kubwa ya Moog ya nyaya na vifundo, iliyohitaji fundi wa kuielewa; fundi huyo aliitwa Robby Wedel. Karibu kila unachokisikia kwenye "I Feel Love" ni mashine hiyo. Mwanadamu aliyebaki ukiacha Donna ni mpiga ngoma Keith Forsey, aliyepiga ile ngoma kubwa ya mguuni, maana mashine haikuweza kutoa kishindo chake vizuri.

Besi ndiyo siri. Mashine inatoa noti zake upande wa kushoto, halafu mwangwi wa noti zilezile unatokea upande wa kulia ukiwa umechelewa kidogo, unaingia katikati ya noti na noti. Pande zote mbili zikisikika, besi inakimbia mbio ambazo hakuna kidole kinachoweza kuzifuata kwa dakika sita.

Sasa msikilizaji wako wa Igawilo ana redio yenye spika moja, au simu. Utamwonyeshaje kushoto na kulia? Mwonyeshe wewe kutoka studio. Kwenye mixa zima upande wa kulia kabisa, piga sekunde kumi. Atasikia besi inatembea. Sema, "Huyo ni mmoja." Zima kushoto, fungua kulia, sekunde kumi nyingine. "Huyo ni wa pili, ni kivuli chake." Kisha fungua zote mbili. Hata kwenye spika moja ya kichina mtu atasikia mwendo umeongezeka maradufu, na hutakuwa umetaja istilahi hata moja. Jaribu na fundi mitambo mapema, siku ya katikati ya wiki, kwa sababu mixa nyingine za zamani vifundo vyake vimechoka na ukizima upande mmoja unapotea wote.

Ukishamaliza mchezo huo, rudisha wimbo mwanzo uupige mzima, na uwape kazi moja: wafuate sauti. Juu ya mtambo wote ule Donna anaimba kwa sauti nyembamba ya juu kabisa, anaelea, hashindani na mashine. Mwimbaji asiye na mafunzo angepiga kelele. Wimbo ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki nne mwaka huohuo, na Marekani ukafika nafasi ya sita. Mwimbaji David Bowie alisimulia kwamba walipokuwa Berlin, mwanamuziki mwenzake Brian Eno aliingia na santuri hii mkononi akitangaza kwamba ameusikia muziki wa kesho. Ukiwasha redio usiku wa Jumamosi leo, utakubali kwamba Eno hakukosea.

Kilele, na barabara ya malori

Baada ya habari za saa tisa, kimbiza. Novemba 1978 "MacArthur Park", utunzi wa Jimmy Webb, ikampa nafasi ya kwanza Marekani kwa mara ya kwanza. Mwaka 1979 akazipata nyingine kwa "Hot Stuff", "Bad Girls" na ule wa Streisand. Albamu zake tatu mfululizo, kila moja ya santuri mbili, zilishika nafasi ya kwanza kule. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. "Hot Stuff" ina gitaa la Jeff Baxter, na tuzo ya Grammy iliyoleta ilikuwa ya roki. Vijana wa gitaa watakupigia kuuliza juu ya kipande hicho, uwe tayari kukirudia.

Kuhusu "Bad Girls", angalizo. Wazo lake lilitokana na mfanyakazi wa kike wa ofisini ambaye polisi walimsimamisha wakimdhania ni mwanamke anayejiuza. Sisi tuko kwenye barabara kuu ya Zambia, malori yanalala Mbalizi, yanalala Tunduma, na kila mtu ana mzaha wake juu ya wanawake wa pembeni mwa barabara. Usiulete studio. Kuna anayekusikiliza akiwa pale pale, na huenda anauza chai tu.

Kisha Chicago. Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa Comiskey Park, kati ya mechi mbili za besiboli, mtangazaji mmoja wa redio alilipua sanduku la santuri za disko mbele ya maelfu ya watu. Watu wakavamia uwanja, mechi ya pili haikuchezwa. Mimi huwa nasema wazi hewani kwamba hasira ile haikuwa ya muziki peke yake. Disko ilikuwa ya weusi, ya Walatini, ya watu ambao mji haukuwataka mbele. Halafu naongeza kwamba kwenye chati ya tarehe 14 Julai, siku mbili baada ya moto, namba moja ya Marekani ilikuwa "Bad Girls". Upige wimbo hapo hapo, usiongeze neno.

Alipookoka

Ukifika hapa, jihadhari na kishawishi cha kugeuza kipindi kuwa ushuhuda. Nimesikia watangazaji wakisema "aliokoka akaacha disko". Haikuwa hivyo. Katikati ya mafanikio yale alikuwa anasumbuliwa na sonona na kutegemea vidonge. Mwaka 1979 akaokoka. Mwaka 1980 akaachana na Casablanca kwa kesi, akawa msanii wa kwanza kusainiwa na kampuni mpya ya Geffen, akaolewa na mwanamuziki Bruce Sudano, na akaendelea kuimba muziki wa kuchezeka mpaka uzeeni. Walipata binti wawili, Brooklyn na Amanda, juu ya yule wa ndoa ya kwanza, aitwaye Mimi.

Ila kwenye albamu yake ya kwanza Geffen, The Wanderer, aliweka wimbo wa "I Believe in Jesus". Jumapili mchana, Mbeya, huo unapigwa mzima. Na hapo ndipo unapotoa karata yako kubwa. Alipata tuzo za Grammy tano. Ya kwanza kwa "Last Dance", katika kundi la R&B. Ya pili kwa "Hot Stuff", ya roki. Ya tatu na ya nne, kwa "He's a Rebel" na "Forgive Me", zote mbili za nyimbo za kiroho. Ya tano mwaka 1998, kwa "Carry On" aliyorekodi na Moroder, ya muziki wa dansi. Wasomee polepole. Malkia wa disko, tuzo mbili kati ya tano ni za kumwimbia Mungu. Mwenye kwaya yoyote anayesikiliza atakuwa ameshaongeza sauti.

Kama muda unaruhusu, bandika "State of Independence" ya mwaka 1982, iliyotayarishwa na Quincy Jones. Kwaya ya nyuma wamo Michael Jackson, Stevie Wonder, Lionel Richie na Dionne Warwick. Waulize wasikilizaji wanamtambua nani.

Sauti za akina mama

Mwaka 1983 Donna alikuwa kwenye sherehe ya usiku wa Grammy, katika mgahawa wa Chasen's huko Los Angeles. Alipoingia chooni alimkuta mhudumu, Onetta Johnson, amesinzia kwa uchovu, televisheni ndogo inapiga kelele pembeni. Akamwonea huruma, kisha akasema moyoni kwamba mama huyu anaitolea jasho hela yake. Hapo ndipo ulipotoka "She Works Hard for the Money", aliouandika na Michael Omartian. Ulifika nafasi ya tatu Marekani, na Onetta mwenyewe akawekwa kwenye picha ya nyuma ya jalada.

Wimbo huu usiupige mkavu. Wiki hiyo toka na simu yako, nenda stendi ya Nane Nane au soko la Mwanjelwa, rekodi akina mama wanne au watano. Simu ishike karibu na kidevu cha msemaji, kiganja chako kikinge upepo, na usirekodi karibu na jenereta. Mweleze kwanza ni ya redio gani na itasikika lini. Asiyetaka, mshukuru na nunua kitu. Swali liwe moja tu kwa wote: mama, asubuhi yako inaanzaje? Ukiuliza "changamoto zenu ni zipi" utajibiwa kama kwenye semina.

Mama lishe mmoja aliniambia, "Saa kumi alfajiri niko jikoni, na baridi hii ya Juni, mwanangu, vidole havikunji. Mpaka dereva wa kwanza anywe supu, mimi nimeshachoka na siku haijaanza." Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mama. Maneno yake nikayapachika kabla ya ngoma kuingia, bila kuyaeleza. Kata kila sauti isizidi sekunde 15, zipange zifuatane, na wa mwisho awe yule mwenye kicheko.

Namna ya kufunga

Miaka ya baadaye ipite kwa kasi: "This Time I Know It's for Real" ya mwaka 1989, aliyoifanya London na watayarishaji Stock, Aitken na Waterman, inatosha kuonyesha kwamba bado alikuwa anauza. Kifo kiseme kwa sentensi mbili, na kisikae mwishoni. Alifariki tarehe 17 Mei 2012 nyumbani Florida kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 63. Siku chache tu baadaye Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kwamba "I Feel Love" imeingizwa kwenye hazina ya taifa ya sauti, na mwaka uliofuata jina lake likaingia Rock and Roll Hall of Fame. Usiweke muziki wa maombolezo chini yake. Nenda moja kwa moja kwenye wimbo.

Wimbo wa mwisho ni "Last Dance" ya mwaka 1978, toleo refu, dakika 8 hivi. Hapa hesabu kurudi nyuma. Kama taarifa ya habari ni saa kumi kamili na jingo la kituo ni sekunde 20, wimbo uanze saa tisa na dakika 51, sekunde zinazobaki uage. Wimbo huu unaanza polepole, unachangamka, unarudi polepole katikati, kisha unaondoka tena. Ile polepole ya katikati inawadanganya watangazaji wageni, wanadhani umeisha wanaanza kuaga. Tia alama nyekundu kwenye karatasi.

Weka nakala ya nyimbo zote kwenye flashi na nyingine kwenye simu, kwa mpangilio uleule, maana umeme ukikatika kompyuta huwaka upya kwa dakika kadhaa hata kama jenereta imeshika. Ukitoka studio, jaza daftari la nyimbo zilizopigwa siku hiyohiyo: jina la wimbo, mwimbaji, na mtunzi. Kwenye mtunzi usiandike Donna kila mahali. "Last Dance" ni ya Paul Jabara, na ndiye aliyechukua Oscar yake.